Mtambo wa Taka Unaohamishika: Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara, Masasi na Lindi

Tangu msimu wa korosho uliopita, safu hii imepokea barua nyingi zinazouliza jambo moja kwa sura tofauti: je, taka zetu zinaweza kugeuzwa kuwa umeme au gesi kwa mtambo unaobebwa na lori, bila kusubiri kiwanda kikubwa kijengwe? Tumechagua barua nne. Ya kwanza imejibiwa kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake kuna uamuzi wa fedha ambao hauwezi kusubiri toleo lijalo.

SWALI: Ndugu mwandishi, nakusalimu kutoka Chikongola, Manispaa ya Mtwara Mikindani. Mimi ni katibu wa kikundi cha usafi chenye wanachama 22, wengi wao akina mama. Kwa maguta mawili na gari dogo la kukodi tunakusanya taka za sokoni na za majumbani, ambazo kwa makadirio yetu hufika tani tatu kwa siku, na kuzipeleka dampo. Mwezi uliopita alitujia wakala wa mitambo akiwa na picha za kontena la futi 20 ambalo, kwa maneno yake, hupokea taka za kila aina bila kuchambuliwa na kutoa umeme wa kilowati 100 usiku na mchana. Anataka tulipe theluthi ya bei kama malipo ya awali, na wanachama wameanza kuzungumzia kukopa. Je, mtambo wa namna hiyo upo kweli, na je, utatufaa?

JIBU: Ndugu katibu, mitambo inayohamishika ya kugeuza taka kuwa nishati ipo, lakini mtambo mlioelezwa na wakala huyo, unaokula kila kitu bila kuchambuliwa na kutoa kilowati 100 kutokana na tani tatu za taka za soko, haupo. Naomba msitoe malipo ya awali kabla ya kusoma maelezo haya mpaka mwisho, kwa kuwa fedha mnazotaka kukopa zitalipwa kwa jasho la watu wanaoamka alfajiri kufagia soko.

Mfano unaojulikana zaidi ulitoka Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, ambako timu iliyoongozwa na Profesa Michael Ladisch ilitangaza mwaka 2007 mtambo wenye ukubwa wa gari dogo la kuhamishia vyombo vya nyumbani, uliotengenezwa kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo. Katika jaribio la awali ilielezwa kwamba nishati iliyotoka iliizidi iliyotumika kuendesha mtambo kwa takriban asilimia 90. Mwaka 2008 mitambo miwili ya aina hiyo ilipelekwa Iraki kujaribiwa kambini, ikilishwa mabaki ya chakula na vifungashio vya askari. Jeshi lilikuwa na sababu yake: dizeli ya majenereta ilisafirishwa kwa misafara ya malori iliyokuwa ikishambuliwa njiani, hivyo kila lita iliyookolewa ilikuwa na thamani kubwa kuliko bei yake ya pampu.

Sasa tazameni jinsi mtambo ule ulivyofanya kazi, maana hapo ndipo penye jibu lenu. Taka zilipoingia zilitenganishwa kwanza. Mabaki ya chakula yalikwenda kwenye pipa la kuchachushia, ambamo hamira ya kiwandani iliyageuza kuwa spiriti, na karatasi, maboksi na plastiki zikaenda kwenye tanuri lenye hewa kidogo zikageuka gesi. Spiriti na gesi vilikutana tena ndani ya injini ya dizeli iliyorekebishwa, na injini hiyo ilianza kazi kwa dizeli ya kawaida kabla ya kuachiwa mafuta yaliyotokana na taka. Jeshi lenye fedha na wahandisi wa kila aina halikuthubutu kutia ganda la embe na boksi katika tundu moja. Walitambua kwamba taka mchanganyiko ni mafuta mawili yasiyopatana, moja likiwa bichi na jingine likiwa kavu, na kila moja lina njia yake.

Kisa ni maji. Mtu yeyote aliyepika kwa kuni mbichi analijua jambo hili, ila si wote wanaolipigia hesabu. Maganda ya ndizi, mboga zilizooza na mabaki ya samaki huwa na maji kiasi cha asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji joto la takriban megajuli 2.3 kwa kila kilo, mbali na joto la kuyachemsha kwanza. Kwa hiyo kilo moja ya taka za soko yenye robo kilo tu ya kitu kikavu itatoa joto la megajuli nne hivi, na karibu nusu yake itakwisha katika kukausha maji ya taka zilezile, hata kabla hatujahesabu joto linalopotea kwenye kuta za tanuri na kwenye bomba la moshi. Tanuri linaloachwa lijikaushie taka za namna hiyo litaomba dizeli kila siku, na mwisho wa mwezi kikundi kitagundua kwamba kimekuwa kikinunua mafuta ili kuchoma mchicha.

Tanuri hilo, ambalo mafundi huliita gasifaya, si uvumbuzi wa jana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, petroli ilipoadimika Ulaya, magari mengi yalifungwa matanuri ya kuni mgongoni na kutembea kwa gesi ya miti. Kanuni yake ni ile ya tanuri la mkaa: kitu kikavu kinapopata moto mkali na hewa isiyotosha, hakiungui kikaisha, bali hutoa gesi inayoweza kuwaka. Gesi hiyo ni mchanganyiko wa kaboni monoksidi, hidrojeni na methani kidogo, lakini karibu nusu yake ni naitrojeni iliyoingia na hewa, ambayo haiwaki kabisa. Ndiyo maana ujazo uleule wa gesi ya tanuri hubeba takriban sehemu moja ya saba tu ya nishati iliyomo katika gesi asilia ya Mnazi Bay.

Tanuri linadai masharti magumu kwa chakula chake. Unyevu usizidi asilimia 20. Vipande vilingane ukubwa, vinginevyo moto hupita upande mmoja na kuacha upande mwingine baridi. Mchanga usiwepo, kwa sababu huyeyuka na kuganda chini kama kioo, na nyinyi mnajua ni mchanga kiasi gani unaofagiwa pamoja na taka katika mji wa pwani. Masharti yakivunjwa, gesi hutoka na lami, nayo lami hiyo hupoa ndani ya mabomba na kushika vali za injini. Niliwahi kuitwa kuona tanuri moja katika karakana ya mbao, lililosimama baada ya wiki sita tu za kazi. Fundi alipofungua kichwa cha injini, vali zilikuwa zimegandamana kana kwamba zimemwagiwa gundi nyeusi. Mwenye mtambo aliwalaumu vijana wake, ilhali kosa lilikuwa vumbi la mbao lililorundikwa nje bila turubai siku za masika.

Tuje kwenye hesabu yenu. Kilowati 100 usiku na mchana ni uniti 2,400 kwa siku. Tuchukue mfano kwamba katika tani zenu tatu, kilo 1,800 ni taka zinazooza, kilo 750 ni karatasi, maboksi, vipande vya mbao, vifuu na plastiki, na zilizobaki ni mchanga, chupa na mabati. Kutoka katika kilo 750, tukiondoa plastiki zisizofaa na vilivyolowa kupita kiasi, tubakiwe na 600. Tanuri dogo linalotunzwa vizuri huhitaji kilo moja na nusu hivi ya vitu vikavu kwa kila uniti, kwa hiyo tunapata uniti 400, na tukitoa umeme unaotumiwa na mashine ya kusaga, feni na pampu za mtambo wenyewe, zinabaki kama 340. Kilo 1,800 zinazooza zikiingia kwenye mtambo wa bayogesi, yaani tangi lisiloingiza hewa ambamo taka huoza na kutoa gesi ya kuwaka, zinaweza kutoa mita za ujazo 140 hadi 180 za gesi kwa siku, na gesi hiyo ikipelekwa kwenye jenereta ndogo huzaa uniti 220 hadi 330. Jumla yake, siku mambo yakienda vizuri, ni uniti 560 hadi 670. Hiyo ni kama robo ya ahadi ya wakala, na imepatikana kwa mitambo miwili tofauti na taka zilizochambuliwa.

Mtasema nimetumia namba za kubuni kwa mgawanyo wa taka, na mtakuwa na haki, kwa kuwa taka za Chikongola si za Ligula wala za Shangani. Basi fanyeni jambo moja ambalo halihitaji mkopo. Kwa siku saba mfululizo chukueni kilo 100 kutoka katika mzigo wa siku, zimwageni juu ya turubai, na watu wanne wenye glavu na buti wazitenge mafungu manne: vinavyooza, vikavu vinavyowaka, plastiki, na vingine vyote. Kila fungu lipimwe na kuandikwa. Kisha toeni kilo moja ya fungu bichi na kilo moja ya fungu kavu, zikatwekatwe, zianikwe juani hadi uzito wake usipungue tena, na mpime mara ya pili. Kilichopungua ndicho maji. Rudieni kazi hiyo wakati wa masika na wakati wa maembe, maana fungu bichi huongezeka sana miezi hiyo. Daftari hilo lina thamani kuliko picha zote za kontena, na muuzaji wa kweli atakuwa wa kwanza kuliomba.

Wakala akirudi, mwambieni mko tayari kusafiri mahali mtambo wake unakofanya kazi, mkiwa na magunia ya taka zenu wenyewe, na kwamba mtakaa siku tatu mkisoma mita ya umeme unaotoka na mita ya umeme na dizeli inayoingia. Muulizeni maji machafu yanayotoka kwenye chujio la gesi yanamwagwa wapi, kwa sababu yana sumu na hayafai kuelekezwa baharini wala mtaroni. Muulizeni king'ora cha kaboni monoksidi kiko wapi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na ndiyo ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa; ikivuja ndani ya kontena la bati, mlinzi hatapata nafasi ya kupiga kelele.

Lipo jambo jingine ambalo nalisema kwa uzito. Mikoa yetu imekalia gesi asilia: ile ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay, hapo Msimbati, mwaka 1982, na umeme wa Mtwara umekuwa ukizalishwa kwa gesi hiyo kwa miaka mingi. Kikundi chenu hakitaweza kushindana na umeme huo kwa bei. Jeshi kule Iraki lilitoroka dizeli ya bei ya damu. Nyinyi mngekuwa mnatoroka nguzo ya TANESCO iliyo mita 50 kutoka sokoni. Ndiyo maana kwa maoni yangu msifikirie umeme kwanza. Gesi ileile ya mita za ujazo 150 inaweza kutosha majiko ya familia kama 100, kwa kuwa familia ya watu watano hupika kwa mita moja hadi mbili kwa siku, au ikawapikia mama lishe wa soko zima ambao leo wananunua mkaa kwa bei inayopanda kila mwaka. Kupika kwa gesi moja kwa moja hakupotezi theluthi mbili za nishati kama injini inavyofanya.

Anzeni na fungu bichi, karibu na soko, kwa mtambo wa bayogesi usiohama, na maboksi safi yauzwe kwa wanunuzi wa maboksi. Kabla ya hapo muonaneni na Manispaa, kwa kuwa taka na eneo la kuzichakata viko chini ya mamlaka yake, na NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, kwa ajili ya tathmini ya mazingira inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mkija kuamua kuuza umeme, hata mdogo, EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, lazima wajue.

SWALI: Mimi ni mwanachama wa kikundi cha wanawake wabanguaji wa korosho, Masasi. Maganda yanatulemea, tunayachoma kidogo chini ya chombo cha kuchemshia korosho, moshi wake unawasha macho na majirani wanalalamika. Tumesikia kuna mtambo wa kutembezwa kijiji hadi kijiji ambao ungekula maganda yetu pamoja na taka nyingine. Tufanye nini?

JIBU: Mama, wewe una utajiri ambao katibu wa Chikongola hana, yaani taka za aina moja, kavu, zinazojulikana uzito na msimu. Katika kila kilo 1,000 za korosho ghafi, takriban 700 ni maganda. Nakuomba kwa dhati usiyachanganye na taka nyingine, kwa sababu kila kinachoongezwa juu yake kitayashusha thamani.

Shida ya maganda ni mafuta yake. Robo hivi ya uzito wa ganda, na wakati mwingine zaidi, ni mafuta mazito yenye asidi, yaleyale yanayounguza vidole vya wabanguaji wasiojipaka majivu au kuvaa glavu. Yakiungua kwa hewa haba, kama yanavyoungua chini ya chombo chenu, hutoa moshi huo unaowasha. Na yakitiwa gasifaya yakiwa na mafuta yake, huijaza lami kuliko kuni yoyote. Ninyi hamhitaji gasifaya sasa. Kinachohitajika ni kuyakamua maganda kwanza kwa kinu cha skrubu. Mafuta yanayotoka yana soko katika viwanda vya rangi, vanishi na pedi za breki, na makapi yaliyobaki huungua vizuri zaidi ya kuni nyingi, ilimradi tanuri lenu lijengwe upya kwa matofali ya moto, liwe na mlango wa hewa ya chini, nafasi ya pili ya hewa juu ya moto ili moshi uungue kabla haujatoka, na bomba refu la kutolea. Fundi mwashi mzuri anaweza kulijenga, na joto lake litatosha kuchemshia na kukaushia kokwa.

Kuhusu kutembeza, hapa wazo hilo lina akili kuliko mjini. Korosho huvunwa kati ya Oktoba na Januari hivi, na mashina ya ufuta wa Lindi huachwa mashambani katikati ya mwaka, hivyo kinu cha kukamulia na mashine ya kufyatulia vipande vya kuni za makapi, vikifungwa juu ya trela, vinaweza kufanya kazi miezi mingi kwa kuufuata msimu badala ya kulala ghalani. Nasema kinu na mashine ya kufyatulia, sisemi kontena zima. Mtambo wa tani nane au kumi unahitaji lori na winchi kila unaposhushwa, na yeyote aliyepita barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita zipatazo 210, wakati wa mvua, anajua kwa nini vyombo vyenye mabomba yaliyounganishwa kwa boliti havifurahii safari hiyo. Tena kokwa hazingoji: siku mtambo umekwama njiani, kikundi kinabaki na korosho mbichi na moto hakuna. Kwa habari za matumizi mengine ya ganda na bibo, waulizeni wataalamu wa utafiti wa kilimo wa Naliendele, ambao zao hili wamelishughulikia kwa miongo mingi.

SWALI: Naandika kutoka Lindi mjini, ambako ni mtunza stoo wa shule ya sekondari ya bweni yenye wanafunzi 500. Serikali imeelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Mabaki ya jikoni ni karibu kilo 100 kwa siku. Je, mtambo mdogo wa bayogesi wa kuhamishika utatosha kupikia shule?

JIBU: Hautatosha peke yake, ndugu, lakini si sababu ya kuuacha. Kilo 100 za mabaki ya ugali, maharage na maganda ya muhogo zitatoa mita za ujazo nane hadi kumi za gesi kwa siku. Vyoo vya wanafunzi 500, vikiunganishwa na shimo hilohilo, vinaweza kuongeza kama 15. Jiko la kulisha watu 500 linahitaji mita 50 au zaidi, hata kwa sufuria kubwa zenye mifuniko na majiko yaliyozungushiwa ukuta. Basi utakuwa umepata nusu au pungufu, na kinachobaki mtakijaza kwa gesi ya mitungi au umeme. Uongozi wa shule upewe hesabu hiyo mapema, ili wapishi wasije wakarudi kwenye kuni kwa siri baada ya wiki ya kwanza, wakidhani mtambo umeharibika.

Neno la kuhamishika ndilo ninalotaka kukutoa mawazoni mwako. Yapo matangi ya turubai nzito yanayokunjwa na kubebwa kwa pikapu, na yanafaa kwa maonyesho au kwa kambi ya muda. Lakini ndani ya tangi la bayogesi kuna vijidudu vinavyofanya kazi gizani, bila hewa, kwa joto la kadiri ya nyuzi 35, na hupenda kulishwa kiasi kilekile kila siku. Ukilimwaga tangi ili ulihamishe, utasubiri wiki kadhaa mpaka jamii yao irudi ilivyokuwa. Taka hukaa ndani takriban mwezi mmoja. Kwa kilo zako 100 pamoja na maji ya kiasi hichohicho, unahitaji chombo cha ujazo wa mita sita kwa mabaki ya jikoni pekee, na nafasi zaidi kwa vyoo. Shimo la matofali lenye kuba, kama yale yaliyoenezwa nchini na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, kupitia mpango wa bayogesi ya majumbani ulioanza mwaka 2009, litadumu miaka 15 au zaidi likijengwa na fundi aliyefunzwa, na joto la Lindi linalipa faida ambayo watu wa Njombe hawana.

Angalizo mbili za kazi. Usimwage kwa pamoja mabaki ya sherehe, wala kapu zima la mabibo au malimao, kwa sababu tangi litachacha kuwa kali na gesi itakatika. Likichacha, acha kulilisha kwa siku kadhaa na utie chokaa kidogo. Na gesi hiyo ina harufu ya yai viza inayotokana na salfa, ambayo hula majiko na mabomba ya chuma: ipitishe kwenye kopo lililojaa nyuzi za chuma zenye kutu kabla haijafika jikoni, na nyuzi hizo zibadilishwe zinapokuwa nyeusi. Likizo ya Desemba pia ipangiwe mtu, kwa sababu shule ikifungwa na tangi likaachwa bila chakula, Januari mtarudi kwenye tangi lililosinzia.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana wa Mikindani. Nimeona video ya mtu anayepika plastiki kwenye pipa na kupata petroli. Ufukweni kwetu plastiki ni nyingi. Naweza kuanza na pipa la lita 200?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usianze. Ni kweli kwamba mifuko, ndoo na madumu ya plastiki laini, yakipashwa joto la nyuzi 400 hadi 500 ndani ya chombo kisichoingiza hewa, huvunjika kuwa mvuke ambao ukipozwa huwa mafuta. Lakini pipa la lita 200 lina mishono isiyohimili joto hilo. Mvuke ukivuja karibu na moto wa chini, hulipuka. Mafuta yanayotoka si petroli, ni mchanganyiko wa nta, mafuta mazito na mvuke mwepesi unaowaka upesi kuliko petroli yenyewe, na pikipiki ya mwenzako itakayowekewa itaziba kabureta. Tena plastiki hazifanani. Chupa za maji hazitoi mafuta ya maana kwa njia hiyo, na vipande vya mabomba ya maji na nyaya za umeme hutoa asidi kali inayochoma mapafu, na vikichomwa wazi huleta dioksini, sumu inayokaa mwilini kwa miaka.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kinachotawala katika taka nyingi za plastiki ni chupa, na chupa zina wanunuzi. Zikiondolewa vizibo, zikaoshwa mchanga na kukanyagwa ziwe bapa, gunia moja litabeba mara kadhaa ya zile zisizokanyagwa, na hapo ndipo nauli ya kwenda kwa mnunuzi inapoanza kulipa. Nyavu zilizokatika zitenge kando, kwa kuwa huzunguka mashine za kusagia na kuzivunja. Ukitaka, niandikie tena ukiwa na uzito wa gunia lako la kwanza na bei uliyopewa, tuangalie pamoja kama inafaa ununue mashine ya kubana kwa mkono.